Tageti ilifika, mama wa Kibirizi hakurudi

Ijumaa moja mwaka 2023 tulikunywa soda ofisini. Soda na maandazi ya jirani, maana tulikuwa tumefikisha tageti, wafanyabiashara 1,000 wa dagaa wamejisajili kwenye programu yetu ya kuuzia dagaa kwa simu na robo mwaka hata haijaisha, bosi aliyeko Dar akapiga simu ya video akatupongeza mmoja mmoja mpaka mzee mlinzi, ambaye nilikuwa nina uhakika hajui hata tunafanya biashara gani. Ile tageti niliiandika mimi. Siku hiyo nilijiona mtu wa maana kweli.

Jumatatu nikashuka Kibirizi mwaloni, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, kuchukua maoni ya wateja kama ninavyofanyaga. Nikamkuta mama mmoja anageuza dagaa kwenye chanja, na jina lake lipo kabisa kwenye orodha yangu. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu bila kuinua kichwa. Nikamuuliza programu anaionaje.

"Programu ipi?"

Nikaitaja kwa jina. Akasimama kidogo, mkono mmoja kiunoni, anavuta kumbukumbu.

"Aaah, ile ya vocha! Mbona yule kijana hajarudi? Mwambie aje bwana, vocha imeisha."

Sasa hapa lazima niseme ukweli. Vijana wetu wa uwanjani walikuwa wanazunguka Kibirizi, Katonga na Ujiji, anayejisajili anapewa vocha ya jero. Sio kosa lao, tageti ilisema 1,000 wajisajili, haikusema wajisajili wafanye nini. Nilirudi ofisini nikafungua data nikahesabu waliowahi kufanya oda ya pili, yaani mtu ameuza mara moja kupitia sisi afu akarudi kuuza tena. Walikuwa 38. Soda tulishakunywa.

Kwa wasionijua, mimi ni prodakti meneja. Nyumbani nikisema hivyo shangazi yangu ananiuliza hizo bidhaa zenyewe ziko wapi mbona sijawahi kumpelekea hata mche wa sabuni. Kazi yangu kwa kifupi ni kuamua timu itengeneze nini kwanza na kipi kisubiri, na nikikosea wanaokesha ni madevelopa wanaoandika programu, mimi nalala. Tuko sita kwenye kachumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanga, tunaunganisha wauza dagaa wa huku na wanunuzi wa Tabora, Dodoma na Dar, muuzaji anaweka mzigo alionao, mnunuzi anaagiza, mzigo unapanda basi au roli. Wenye kiswaswadu wanatumia menyu ya namba za nyota, maana huku ukitegemea simu janja peke yake umejifungia mlango mwenyewe.

Baada ya ile Jumatatu nikakaa chini nikasoma upya haya mambo ya malengo yanayopimika, maana kusema kweli nilikuwa nimeyaokota juu juu tu. Mengi yanaanzia kwa Peter Drucker, mwandishi wa mambo ya uongozi wa kampuni, aliyeandika mwaka 1954 kuhusu kuongoza watu kwa malengo badala ya kuwasimamia mgongoni. Afu miaka ya 1970 pale Intel, kampuni ya chipu za kompyuta, mmoja wa viongozi wake Andy Grove akaikaza zaidi: unaandika sentensi moja inayosema unataka kufika wapi, chini yake matokeo machache yenye namba, ambayo siku ya mwisho mtu akikuuliza umefika au hujafika unajibu bila kuleta hadithi. John Doerr, ambaye baadaye akawa mwekezaji, alijifunzia kwa Grove hukohuko Intel, na mwaka 1999 akawapelekea Google, kampuni ikiwa na mwaka mmoja tu toka ianzishwe. Ndo hii watu wanaita OKR, Objectives and Key Results, yaani malengo na matokeo makuu, na siku hizi kila mwenye laptopu anaitaja.

Halafu kuna ile SMART, herufi tano za Kiingereza, kila herufi sifa moja ambayo lengo zuri linatakiwa liwe nayo. Hii Kigoma nzima tunaijua, mkoa umekaa na mashirika miaka na miaka kwa ajili ya kambi za wakimbizi, kwa hiyo ukimtikisa mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi Kasulu au Kibondo inadondoka semina ya SMART. Ilitoka kwa Mmarekani anaitwa George Doran mwaka 1981, makala fupi tu kwenye jarida la mameneja. Kitu nilichogundua ni kwamba ile herufi A kwa Doran ilimaanisha kazi iwe na mtu aliyekabidhiwa, ijulikane ni ya nani. Huko kwenye semina ikageuka ikawa "linalofikika". Mimi naona hapo tulipoteza kitu, maana lengo gumu nikimjua mwenye nalo tunasukumana tu litasogea, lakini lengo rahisi la wote hubaki ukutani mpaka karatasi inageuka njano.

Ila kilichoniuma ni kwamba ile tageti yangu ya watu 1,000 ilikuwa SMART herufi zote tano. Iko wazi, ina namba, ina mwenyewe, inawezekana, ina tarehe. Ukiipeleka semina wanakupa makofi na posho. Na ilikuwa haina faida kwa mama wa chanja hata ya shilingi.

Nikawa najiuliza sasa nipime nini. Wenzangu walikuwa na majibu tayari, na yote yalikuwa ya vitu vya kutengeneza. Tulikuwa na mpango wa kuweka sehemu ya kuchati ndani ya programu, wiki sita za kazi, na kwenye karatasi ya malengo iliandikwa hivyohivyo, "kuzindua chati kabla ya Desemba". Mimi zamani ningeipitisha. Lakini ukiiangalia vizuri hiyo ni kazi tu, ni kama mvuvi kusema lengo langu mwezi huu ni kuingia ziwani. Sawa umeingia, umerudi na nini?

Nikaomba wiki mbili bila kutengeneza kitu. Bosi hakufurahi. Nikanunua daftari la kaunta nikawa nashuka mwaloni kila asubuhi, nafuata mzigo mmoja mmoja kuanzia dagaa wanapokauka mpaka mama anapoingiziwa hela kwenye simu. Nilidhani nitakuta shida ni usafiri, au mtandao, au watu kuogopa matapeli. Nikakuta mchanga.

Ndio, mchanga. Dagaa wa huku wengine wanakaushwa juu ya chanja, wavu umetandazwa kwenye miti, upepo unapita chini, wanakauka safi wanang'aa. Wengine wanamwagwa chini kabisa ufukweni, na hao lazima wabebe mchanga, hata ukipepeta namna gani ukitafuna utasikia kr kr kwenye jino. Sasa mnunuzi wa Dar anaagiza kwenye simu, anaona picha ya dagaa, anakubali bei. Mzigo ukifika anafungua gunia, anachota gao la mkono, anasugua, anaangalia kiganja. Akiona mchanga anapiga simu palepale anakata bei. Na hapo mama afanyeje, mzigo uko Dar na yeye yuko Kibirizi, gunia haliwezi kupanda basi lirudi. Anakubali. Kesho yake anarudi kumuuzia dalali anayelipa kidogo lakini analipa mkononi.

Mbaya zaidi hata yule mwenye dagaa wa chanja anakatwa, maana mnunuzi ashaumwa mara mbili anaona wote ni walewale. Yule mama wa vocha nilikaa naye siku nzima, ana daftari lake la mtoto wa shule, juu limeandikwa Hisabati, ndani ameandika kila mnunuzi na bei waliyokubaliana na bei iliyokuja. Safu mbili. Nilipoliona nikacheka mwenyewe, mimi nalipwa mshahara kubuni vipimo na kipimo chenyewe kipo kwenye kapu la mama, chini ya kanga.

Katika oda 20 nilizofuatilia mwenyewe, 11 zilikatwa bei zikifika. Zilizolipwa kama walivyokubaliana ni 9.

Basi hiyo ndo ikawa namba yetu. Tukaandika kwenye karatasi kubwa: oda zinazolipwa bei ileile ya makubaliano, sasa hivi 9 kati ya 20, tunataka 16 kati ya 20. Na jina la mwenye lengo pembeni, la kwangu. Afu ile chati ikafa yenyewe bila hata kupigiwa kura, maana kila aliyekuja na wazo alikuwa anaulizwa swali moja tu, hiki kitapunguza kukatwa bei? Kuchati hakupunguzi mchanga. Tukafanya kitu kidogo mno, tukatenganisha dagaa wa chanja na dagaa wa mchanga kwenye orodha, kila kundi na bei yake, na kijana wetu wa mwaloni akawa anamwaga kopo moja la dagaa kwenye kitambaa cheupe kabla gunia halijashonwa, anakung'uta, anapiga picha ya kitambaa. Wiki moja na nusu kazi imeisha. Developa wetu alilalamika kwamba hakusomea programu miaka minne aje kutengeneza kitufe cha kitambaa. Nilimnunulia migebuka akanyamaza.

Tatizo lililofuata lilikuwa la muda, na hili sijawahi kuliona limeandikwa popote na wale wa OKR, labda kwa sababu hawavui usiku.

Kwa wasio wa huku, dagaa wa Tanganyika wanavuliwa kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za sola na betri, boti inakaa gizani inawasha, dagaa wanaifuata taa, wavu unapandishwa. Sasa mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina taa moja kubwa juu na ya mvuvi inakuwa haina maana, samaki wametawanyika, kwa hiyo siku za mbalamwezi wavuvi wengi wanabaki nyumbani wanashona nyavu. Mtoto wa darasa la pili Katonga anajua. Dashibodi yetu, ile skrini ya namba na grafu, haikujua. Ilikuwa inalinganisha wiki hii na wiki iliyopita, ikiona oda zimeshuka inaweka mshale mwekundu, bosi anapiga simu, vijana mmelala? Sisi tunakurupuka tunatoa ofa ya usafiri, wiki inayofuata giza linarudi, dagaa wanajaa, mshale unakuwa wa kijani, tunaandika kwenye ripoti kwamba ofa imefanya kazi. Tulifanya huo ujinga mara tatu, yaani mwezi wa mbinguni unafanya kazi afu sifa anapata mtu wa masoko.

Aliyetushtua ni mzee mlinzi. Aliingia kuchukua chaji yake akakuta grafu kwenye skrini, mlima na bonde, mlima na bonde, akaangalia sekunde kama tano.

"Hii si mbalamwezi hii?"

Kumbe mzee kavua miaka mingi kabla mgongo haujamkataa. Nikamvutia kiti. Toka siku hiyo tukaacha kuhesabu kwa wiki, tunahesabu giza kwa giza, kutoka mwezi mpevu mmoja mpaka mwingine, siku 29 na nusu hivi, na giza hili linalinganishwa na giza lililopita tu. Ile tageti ya 16 tukaipa magiza matatu. Kwenye Excel ya bosi bado inasomeka robo mwaka kwa sababu makao makuu wanataka hivyo, mimi nahesabu mara mbili, kwa giza na kwa robo mwaka, inanila muda lakini sio sana.

Tulifika 14. Hatukufika 16. Na hapa pana stori, maana nilimwambia bosi kwamba Google wanajipa alama kuanzia 0 mpaka 1, na wakipata 0.7 kwenye lengo la kujinyoosha, yaani gumu makusudi, wanahesabu wamefanya vizuri, wakipata 1 kila mara wanajua waliweka lengo la kitoto. Kutoka 9 kwenda 14 ni hatua 5 kati ya 7 tulizotaka, hiyo ni kama 0.7. Akanyamaza kidogo afu akaniuliza, "Kwa hiyo na mshahara nilipe 0.7?" Sikuwa na jibu la haraka, ila baadaye tulikubaliana bonasi isifungwe na hizi namba kabisa, na kiukweli naamini hilo ndo lilituokoa, maana ukifunga hela kwenye namba watu watakupa namba.

Tuliliona kwa dada yetu wa huduma kwa wateja. Nilimpa lengo la kujibu kila ujumbe ndani ya dakika 10, na akalifikisha ndani ya siku mbili, nikashangaa, nikasema huyu dada ni jembe. Kuja kuangalia ameseti WhatsApp iwe inajibu yenyewe "Tumepokea ujumbe wako, asante". Mteja ameandika mzigo wangu umepotea stendi, anajibiwa asante. Kuna mchumi wa Uingereza, Charles Goodhart, aliliona hili mwaka 1975 akiongelea mambo ya benki kuu na fedha, kwamba namba uliyoizoea kuiangalia ukianza kuitumia kubana watu inaharibika. Kwetu haikuchukua hata wiki. Sikumgombeza dada, nilibadilisha kipimo, nikaacha dakika nikaanza kuhesabu wangapi wameandika shida ileile mara ya pili, na siku hizi kila namba tunayoikimbiza tunaifunga na mwenzake wa kuichunga. Ile ya bei ya makubaliano mwenzake ni wanunuzi wanaorudi kuagiza, maana tungeweza kupata 20 kati ya 20 kwa kuwalazimisha wanunuzi walipe hata mchanga, na giza la pili wangetukimbia wote.

Mtihani mkubwa ulikuja 2024. Serikali ilifunga uvuvi ziwani miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti, samaki wapumzike wazaliane. Tulijua mapema, sio kwamba tulishtukizwa, ila malengo ya mwaka yalikuwa yashaandikwa na makao makuu hawakutaka kuyagusa, kwa hiyo tukakaa na karatasi ukutani inayodai oda za dagaa kwenye ziwa ambalo halina mvuvi. Baada ya akiba ya watu kuisha ikawa sifuri. Vijana walianza kuja ofisini wamenuna, na mimi nikajifunza kwamba namba isiyo mikononi mwako ukiiangalia kila asubuhi inakuua roho. Nikaifunika na gazeti, kweli kabisa, gazeti na gundi. Juu ya gazeti nikaandika swali jingine: wauzaji waliokuwa wanarudi kabla ya Mei, wangapi watauza na sisi tena giza la kwanza baada ya kufunguliwa? Hilo tungeweza kulifanyia kazi. Tukawapigia simu, tukawasaidia wengine kuuza mawese mpaka Tabora wakati wanasubiri, kijana wa kitambaa akawa anakarabati chanja na kina mama.

Bosi akasema sawa ila tarehe 15 ikifika nataka wiki ya kwanza tuanze na kasi. Nikafungua kalenda. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 19 Agosti, yaani ziwa linafunguliwa Alhamisi, Jumatatu yake mbalamwezi. Nikamwambia bosi wiki hiyo usitegemee kitu. Akasema mzee wako wa getini amekuharibu.

Wavuvi waliingia hivyohivyo, miezi mitatu mtu kakaa hawezi kukuelewa habari za mwezi, lakini mizigo ilikuwa ya kuokoteza. Jumanne usiku nipo nyumbani nakula, simu ikaita, Dar, anataka namba za wiki. Sikubishana. Nikatoka na simu mpaka barazani, ziwa lote jeupe kama mchana, hakuna taa hata moja kule majini, nikapiga picha nikamtumia.

Ilikaa tiki mbili za bluu kama dakika kumi.

"Haya," akaandika. "Tuongee giza likirudi."